Wasia wa sadaka usiishie mdomoni

Nyanya yangu mzaa baba alifariki Takaungu wakati nina miaka 14. Jioni yake ya mwisho aliinua mkono kitandani, akauelekeza dirishani, akasema, "Minazi kumi na miwili ya upande wa kisimani ni ya msikiti." Chumbani tulikuwa watatu: mimi, shangazi yangu, na mama wa jirani aliyekuwa ameleta uji. Sote tulimsikia. Hakuna aliyeandika.

Ami zangu hawakukana kwamba mama yao ameusia. Waligombea ni minazi ipi. Upande wa kisimani ilikuwako kumi na saba, na mitano kati yake ilikuwa imezeeka, haizai tena. Ami mkubwa alisema mama alikusudia ile izaayo. Mdogo wake akasema la, mama alihesabu kuanzia mpakani, na ukianzia mpakani unaanza na ile mizee. Kisha akazuka mwenye ardhi na karatasi zake: minazi ni yenu, mchanga ni wangu, na kodi yangu haijalipwa tangu marehemu aanze kuugua. Mambo yakalala miaka tisa. Wazee wa msikiti walikuja mara tatu kuuliza kwa adabu, mara ya nne hawakuja. Kila mkwezi alipopanda, nazi ziliangushwa, zikafuliwa, zikauzwa, na hakuna hata moja iliyofika msikitini.

Nilipokuwa mtu mzima nikapata kazi ya ukarani kwa wakili mmoja hapa Mombasa, nikapiga taipu kwa miaka 26. Wasia mwingi ulipita mikononi mwangu, na kesi za wasia pia, na kisa cha nyanya nilikutana nacho tena na tena kikiwa kimevaa nguo nyingine. Watu walikuwa na moyo wa kutoa. Kilichokosekana kilikuwa kitu, jina, au mtu: ni kitu gani hasa kinachotolewa, nani hasa anayepewa, na ni mtu yupi atakayekichukua nyumbani kwa marehemu akakifikishe. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza, na mfano wangu utakuwa wasia wangu mwenyewe, maana nimekwisha kuuandika.

Mimi ni mjane wa miaka 67. Si wakili wala si kadhi. Namwandikia kwanza Muislamu wa pwani ya Kenya mwenye mali ya kawaida: nyumba, akiba kidogo, dhahabu ya sandukuni. Majirani zetu Wakristo nitawafikia mbele, kwani sheria yao ni nyingine.

Theluthi, na theluthi ni nyingi

Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka hata akadhani hatapona. Mtume (s.a.w.) akaenda kumzuru. Saad akamweleza kwamba ana mali, na hana wa kumrithi ila binti mmoja. Je, atoe sadaka theluthi mbili? Akaambiwa la. Nusu? La. Theluthi? Akajibiwa: theluthi, na theluthi ni nyingi, kuwaacha warithi wako wakiwa na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiwanyooshea watu mikono. Ibn Abbas alipenda watu washuke mpaka robo, kwa ajili ya neno lile "nyingi".

Mpaka ni huo. Na theluthi hiyo haihesabiwi katika kila ulicho nacho leo, inahesabiwa katika kile kitakachobaki baada ya kuzikwa kwako na kulipwa madeni yako. Katika Sura ya An-Nisaa wasia umetajwa kabla ya deni, lakini katika kutekeleza deni hutangulia, na hilo wanazuoni hawakuhitilafiana. Wanaume wengi husahau deni moja kubwa: mahari ambayo hawajamlipa mke. Mahari ni deni kama deni la dukani. Mtu hawezi kujengea msikiti mnara kwa fedha ambayo mkewe anamdai tangu siku ya ndoa.

Ukizidisha theluthi, ile ziada itangoja warithi waridhie baada ya kufa kwako. Warithi wenye watoto wa kusomesha mara nyingi hawaridhii, na si haki kuwalaumu. Tena hapana wasia kwa mrithi. Mwanao anakurithi tayari, usimpenyezee nyumba kwa jina la wasia huku ndugu zake wakitazama.

Tazama kwanza ndani ya nyumba yako

Nilizaa watoto watano. Wa tatu, mwana wa kiume, alifariki akaacha binti, na binti huyo nimemlea mimi tangu ana miaka sita. Kwa kuwa nina wana wa kiume walio hai, mjukuu huyu hanirithi hata shilingi moja. Watu wengi huja kulijua jambo hili siku ya kugawa, mtoto yumo ukumbini anamimina kahawa, na ami zake wanatazama chini.

Wasia ndio mlango wake. Kwa kuwa si mrithi, naweza kumuusia. Lakini theluthi ni moja: atakachopata yeye kitapunguza kitakachokwenda madrasa. Nililiweka moyoni miezi kadhaa, nikiona kama namnyang'anya Mungu nikampe wangu. Kisha nikakumbushwa hadithi kwamba sadaka kwa maskini ni sadaka, na kwa jamaa ni mbili, sadaka na kuunga udugu. Nikaona nigawanye nusu kwa nusu, roho ikatulia.

Kwa hivyo kabla hujaelekeza sadaka yako mbali, kaa uhesabu ni nani anayekutegemea na hatakurithi. Mjukuu yatima. Mtoto wa kulea, ambaye kwa sheria yetu si mrithi hata kama anakuita mama tangu ulimi wake ulipofunguka. Mama wa kazi aliyekaa nawe miaka ishirini. Na kwa waliosilimu, mzazi ambaye amebaki katika dini yake: hakurithi, lakini unaweza kumuusia, na nimeona wazee waliotunzwa hivyo wakafa wakimwombea mwana wao.

Hesabu yangu

Nilichukua karatasi nikaandika nilicho nacho. Nyumba, shilingi 1,800,000 kwa bei aliyoitaja jirani aliyeuza yake karibu wakati ule. Akiba katika chama cha akiba na mikopo, 420,000. Dhahabu, 180,000 kwa mizani ya sonara. Jumla 2,400,000. Mazishi nikayakadiria 60,000, na mkopo uliobaki ni 90,000. Ukitoa hizo 150,000 zinabaki 2,250,000.

Theluthi yake ni 750,000. Ningeweza kuusia zote. Lakini ili zipatikane 750,000 ingebidi nyumba iuzwe, na nyumba ndiyo paa la mwanangu wa kike aliyeachwa na mume. Nikatazama upya: akiba na dhahabu ni 600,000, ukitoa mazishi na mkopo hubaki 450,000. Hiyo ni moja ya tano kamili ya mali yote inayobaki. Nikausia moja ya tano. Maana yake ni kwamba 225,000 za mjukuu na 225,000 za madrasa zitatoka katika fedha na dhahabu, na nyumba itabaki kwa wanangu bila dalali kuingia ukumbini. Wana wawili wa kiume na wawili wa kike ni mafungu sita, kila fungu 300,000: wanaume mawili mawili, wanawake moja moja. Namna ya kukaa ndani au kununuliana mafungu watajua wao.

Hii ndiyo nasaha yangu ya kwanza kwa kila anayeniuliza, nami huirudia hata nikaonekana mbishi: usianze na theluthi ukateremka. Anza na kile kinachoweza kutolewa bila kuvunja nyumba, ukaangalie ni sehemu gani ya mali. Sadaka nyingi nilizoona zimekwama mahakamani zilikwama kwa sababu ili ilipwe sadaka ilibidi mtu ahamishwe, na mtu huyo akashikilia mlango.

Tena katika karatasi usiandike shilingi, andika sehemu. Bei ya dhahabu hupanda, akiba hupungua ukiugua. Moja ya tano hubaki moja ya tano.

Ni chako kweli?

Nyumba yangu iko Majengo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati. Ardhi si yangu. Hapa Mombasa twaita nyumba bila ardhi: kuta na bati ni zako, unajenga, unapangisha, unauza, unarithisha, lakini mchanga una mwenyewe na unamlipa kodi ya ardhi. Risiti zangu zote nimezitunga kwenye uzi. Mtu wa mtaa wangu akiandika "nausia nyumba yangu na kiwanja chake iwe madrasa", ametoa mali ya watu. Wenye madrasa watakuja kujua siku mwenye ardhi anapotaka ardhi yake, wakati watoto wamekwisha kuingia darasani.

Mashambani ni vivyo hivyo kwa minazi na miembe. Mti unaweza kuwa wako na ardhi ikawa ya mwingine. Kama ningekuwa na akili hii wakati ule ningemwomba nyanya atoke nje akiwa bado ana nguvu, atie kila mnazi mstari wa rangi, halafu iandikwe: minazi kumi na miwili yenye alama nyekundu, upande wa kaskazini wa kisima, miti tu bila ardhi.

Angalia na haya. Shamba la babu ambalo halijagawanywa: humo una fungu lako tu, hata kama ndiwe uliyelilima peke yako miaka thelathini. Hati iliyo kwa jina la kaka yako: itengenezeni sasa, nyote mko hai. Na akiba ya chamani: ulipojiunga ulijaza fomu ukaandika jina la mtu wa kupewa fedha zako ukifa. Chama hulipa yule aliyeandikwa. Mimi fomu yangu ilikuwa bado ina jina la marehemu mume wangu. Nikaenda nikaibadilisha, nikamwandika wasii wangu, yaani mtu atakayeutekeleza wasia, naye nikamweleza mbele ya wanangu kwamba fedha hiyo si yake, ni ya kugawanywa kama wasia ulivyosema.

Anayepewa ana jina lake

"Madrasa ya kwa Maalim" mtaani kila mtu anaijua. Karatasi haiijui. Niliwahi kupiga taipu barua za kesi ambapo mzee aliacha fedha kwa "madrasa ya mtaa wetu", na kufikia siku anakufa kamati ilikuwa imegawanyika, madrasa zimekuwa mbili, kila moja inasema ndiyo. Miaka ikapita fedha zimelala.

Nenda wewe mwenyewe. Omba uonyeshwe cheti cha usajili, unakili jina lote kama lilivyochapishwa, herufi kwa herufi. Uliza wadhamini ni akina nani. Uliza kama kuna akaunti ya benki kwa jina la madrasa. Kama fedha zinaingia kwa simu ya mwalimu, hata awe mcha Mungu kiasi gani, waambie wafungue akaunti kwanza. Mwalimu naye hufa, na simu yake hurithiwa.

Kisha uliza wanataka nini. Mimi nilikwenda na nia yangu ya tangi la maji, nimekwisha kuliona kichwani limeandikwa jina la mwanangu marehemu. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, akanichukua nyuma ya jengo. Tangi jeusi la lita 5,000 lilikuwa limesimama hapo, jipya, wamepewa na mfadhili. Halikuwa na maji. Akainua kidole: mifereji ya bati imeoza, maji ya mvua yanateremka ukutani, ukuta umeota ukungu mpaka usawa wa vichwa vya watoto. Tangi wanalo, kinachotakiwa ni mifereji na bomba la kuingizia. Hakuna mtu aliyewahi kutoa sadaka ya mifereji, aliniambia, kwa sababu haionekani. Basi ndani ya wasia wangu nikaandika "maji", si "tangi", nikaacha nafasi kwa watakaokuwapo waamue.

Maneno yenyewe

Wasia wangu ni ukurasa mmoja. Nimeuandika kwa Kiswahili ili mashahidi na wanangu wote wausome bila mfasiri. Unakwenda hivi, na majina nimeyaondoa:

"Mimi, (jina lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, na nambari yake), mkaazi wa Majengo, Mombasa, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, nauandika wasia huu na kufuta kila wasia nilioutoa kabla yake. Katika mali yangu zitolewe kwanza gharama za mazishi yangu, kisha madeni yangu yaliyoorodheshwa nyuma ya karatasi hii na mengine yatakayothibitika. Katika kitakachobaki nausia moja ya tano. Nusu ya moja ya tano hiyo apewe mjukuu wangu (jina), binti wa marehemu mwanangu (jina). Nusu ya pili ipewe madrasa (jina la kwenye cheti), mikononi mwa wadhamini wake, kwa ajili ya maji ya wanafunzi. Na kama maji yamekwisha kutengenezwa, kwa mishahara ya walimu. Ikiwa siku hiyo madrasa hiyo haipo, wasii wangu aipeleke sehemu hiyo kwa madrasa nyingine ya Mombasa kwa kazi hiyohiyo. Mjukuu wangu akinitangulia, sehemu yake iongezwe kwenye ya madrasa. Kilichosalia kigawanywe kwa warithi wangu kwa sheria ya Kiislamu. Wasii wangu ni (jina). Akishindwa, (jina la pili)."

Maneno ya "ikiwa haipo" na "akinitangulia" watu huyaona kama ya kujitakia mabaya, huyaruka. Usiyaruke. Wasia unaweza kulala miaka ishirini kabla ya kufanya kazi, na katika miaka ishirini madrasa hufungwa na vijana hufa.

Tia sahihi na tarehe mbele ya mashahidi wawili waadilifu, nao watie sahihi hapohapo, majina yao na nambari za vitambulisho. Wasiwe warithi wala wasiwe miongoni mwa wanaopewa. Mwalimu wa madrasa asishuhudie sadaka ya madrasa yake. Chagua watu wadogo kuliko wewe. Mzee mwenzako wa barazani ni shahidi mwema, lakini huenda mkafuatana. Halafu mpelekee wakili au kadhi aupitie. Ni kazi ya asubuhi moja, na atakuonyesha neno lililolegea. Baada ya kifo, Waislamu wakikubali, mirathi husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, ambayo uwezo wake umetajwa katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010.

Wasii ndiye mtu wa kuichukua ile sadaka na kuifikisha. Usimchague kwa heshima, mchague kwa miguu yake: awe mtu anayefuatilia mambo, anayejua kukaa kwenye benchi la ofisi mpaka jina lake liitwe. Mimi nimemchagua mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ambaye hanirithi na hana cha kupata. Nilimwomba kwanza, nikampa siku tatu afikiri.

Karatasi zangu ziko ndani ya bweta la bati juu ya kabati: wasia, risiti za kodi ya ardhi, kitabu cha akiba, orodha ya madeni. Nakala moja anayo mpwa wangu, nyingine iko kwa wakili. Wasia uliofichwa vizuri mno ni sawa na wasia usioandikwa. Abdullah bin Umar amepokea kwamba haimfalii Muislamu mwenye cha kuusia kulala usiku wa pili bila wasia wake kuwa umeandikwa.

Kama huwezi kungoja kufa

Wapo wanaopenda sadaka yao ianze kufanya kazi wakiwa wanaiona. Hao njia yao ni wakfu. Umar bin Khattab alipata ardhi Khaybar, akamwuliza Mtume aifanyeje, akashauriwa aizuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Wasia unaweza kuufuta kesho asubuhi. Wakfu ukishausema umetoka mikononi mwako, kwa hivyo usiseme kwa hamasa ya Ramadhani peke yake. Kenya ina makamishna wa wakfu waliowekwa kwa sheria, na ofisi yao iko hapa Mombasa; Zanzibar iko Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Nenda kwao kabla ya kumwita fundi wa kuchonga kibao.

Na ujue kwamba utakachotoa ukiwa katika maradhi ya kufia huhesabiwa kama wasia: kinabanwa na theluthi ileile. Mtu hawezi kukwepa mpaka kwa kutia sahihi zawadi akiwa amewekewa dripu.

Kwa jirani yangu Mkristo

Wewe Kenya unaongozwa na Sheria ya Urithi, sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981. Hukufungwa na theluthi. Unaweza kuliachia kanisa au shule sehemu yoyote. Lakini mke, watoto na wengine uliokuwa ukiwatunza wanaweza kwenda mahakamani kudai kwamba hukuwatengea cha kutosha, na mahakama ikawakatia fungu. Basi ile hesabu ya kutovunja nyumba inakuhusu vilevile. Wasia wako wa maandishi unataka sahihi yako na mashahidi wawili au zaidi. Shahidi akiwa ni miongoni mwa unaowapa kitu, au ni mke au mume wa unayempa, kile alichopewa huanguka isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiopewa kitu. Wasia wa mdomo mbele ya watu wawili unasimama ikiwa utakufa ndani ya miezi mitatu tangu uliposema, ukiishi zaidi ya hapo, umekwisha. Na ukioa au kuolewa baada ya kuandika, wasia ule hufutika, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo.

Walio Tanzania Bara, ambako wenyewe husema wosia, wana RITA, wakala wa serikali anayesaidia kuuandika na kuuhifadhi. Ni huduma nzuri, natamani watu wengi zaidi waitumie.

Wasomee

Sehemu iliyonitia hofu kuliko zote ilikuwa kuwaambia wanangu. Nilingoja Ijumaa baada ya Alasiri, nikakaanga mahamri, kitinda mimba akawa kwenye simu kutoka Dubai, simu imeegemezwa kwenye birika la chai ili aone. Mkubwa akauliza kabla sijafungua karatasi, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, ndiyo maana nasoma leo.

Nilisoma yote, na hesabu pia. Nilipofika kwa mjukuu, mkubwa alinikatiza, akasema hata ningemsahau yeye angempa. Nikamjibu kwamba namjua, lakini sitaki yatima angoje ukarimu wa mtu. Kimya kikapita. Kisha binti yangu mdogo akauliza, sauti imemlegea, "Na ile bangili ya Takaungu nayo itauzwa?"

Sikuwa nimeifikiria. Katika zile 180,000 za dhahabu, bangili moja ni ya nyanya yule wa minazi, nzito, upande mmoja imelika kwa kusugua vyungu. Mizani ya sonara haikujua tofauti yake na nyinginezo. Tukazungumza hadi Magharibi. Kumpa mmoja bila wengine sikutaka. Mwisho tukakubaliana niongeze mstari mmoja: bangili ile isipelekwe sokoni kabla binti zangu hawajapewa nafasi ya kuinunua kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo, na fedha zao ziingie kwenye wasia.

Jumatatu iliyofuata niliuandika upya wote, mashahidi wakaitwa tena wakatia sahihi, na ile karatasi ya kwanza tukaichana palepale mezani.